Maneno Aliyoachiwa Salesio

Mnunuzi wa viazi kutoka Nairobi alisimama uani kwa Salesio, mikono mfukoni, akamuuliza Kiende, mkewe Salesio, swali ambalo angeweza kumuuliza mzee mwenyewe, maana mwenyewe alikuwa ameketi pale pale mbele yake.

"Mama, huyu mzee anasikia?"

"Anasikia kila kitu," Kiende alisema. "Muongeleshe."

Mnunuzi akainama, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Mzee! Habari yako! Unanikumbuka? Ni mimi, wa ile Fuso ya bluu!"

Uso wa Salesio ulichangamka upande mmoja. Upande wa pili ulibaki ulivyokuwa, umelala. Alimkumbuka, hilo lilionekana wazi. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akafungua kinywa, na kilichotoka ni neno lile lile lililokuwa likitoka tangu siku alipoanguka pale soko la Kiirua akipakiza mzigo.

"Lori," alisema. "Lori, lori."

"Eeh, lori iko hapo barabarani," mnunuzi akajibu kwa furaha, akidhani ameulizwa.

Salesio akatikisa kichwa. "Lori!" Mishipa ya shingo ilimtoka. "Lori, lori, lori!"

Mnunuzi alirudi nyuma hatua moja, akamtazama Kiende kwa macho ya pole, kisha akageuka kumtafuta Gitobu, mdogo wake Salesio, aliyekuwa akisubiri karibu na lango. "Basi twende tuongee na wewe, kijana. Hapa naona mambo yameisha." Wakaondoka wakizungumzia bei. Mkono wa Salesio ulibaki umenyooshwa hewani bila mtu wa kuupokea, mpaka Kiende alipoushika na kuurudisha polepole juu ya goti lake.

Salesio huyu alikuwa dalali. Kutoka Kiirua hadi Timau, hakuna mkulima wa viazi ambaye hakuwahi kucheka mbele ya Salesio huku akiuza kwa bei aliyokuwa ameapa kutouza. Mdomo wake ndio uliojenga nyumba ile ya mabati, ndio uliomsomesha binti yao Gatwiri, na ndio uliokuwa unamchoma Kiende pia, kwa kuwa Salesio hakuchagua wa kumtania. Kiharusi kilipokuja kilichukua mkono na mguu wa kulia, kisha kikaingia kinywani kikafagia kila kitu, kikaacha neno moja. Akisikia kiu, lori. Akiumwa, lori. Siku moja alijaribu kumwambia Kiende jambo fulani wakati wa chakula cha mchana. Akalisema neno lile kwa sauti ya juu, ya chini, ya kubembeleza, akapiga meza hadi uji ukamwagika, na Kiende hakuambulia kitu. Walimalizia kwa kulia wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Kiende alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa ameomba jambo moja bila kuchoka: mume wake asali. Salesio alikwenda Misa Krismasi na Pasaka, na hata siku hizo alisimama nje mlangoni na vijana wa bodaboda. Sokoni alipenda kusema, "Mke wangu ameolewa na Padri. Mimi ni soja wa geti tu," na watu walicheka, na Kiende akipita na kikapu chake alijifanya hajasikia.

Tangu Salesio aanguke, kulikuwa na jambo ambalo Kiende hakumwambia mtu. Kwenye jumuiya aliongoza sala kama kawaida. Lakini akibaki peke yake na kufungua kinywa kusali, kinywa kilikauka. Hakukuwa na neno hata moja.

Gitobu ndiye aliyeleta habari za krusedi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kaka yake, na tangu achukue kazi yake ya udalali alikuwa haangalii watu machoni.

"Shemeji, kuna mhubiri amekuja Meru mjini, karibu na Makutano. Watu wanatupa magongo. Tumpeleke."

"Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, Gitobu. Watu wakiniona huko?"

"Watu wako na mdomo. Salesio ndiye hana. Chagua."

Kiende akachagua. Jumamosi waliteremka mjini, na Gatwiri, aliyekuwa akiuza simu katika duka moja pale Makutano, akaomba ruhusa kazini akaja kuwasaidia kusukuma kiti cha magurudumu kwenye tope la uwanja. Hema lilikuwa limefurika. Spika zilitetemesha kifua. Salesio, ambaye zamani angekuwa ameshampa kila mtu pale jina la utani, alikuwa ameshika ukingo wa kiti chake kwa nguvu na kutazama chini.

Walipofikishwa jukwaani mhubiri alimwekea maiki mdomoni. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, na alipomwekea Salesio mkono kichwani aliuweka kwa upole kweli. Kwa kitambo kidogo Kiende aliamini.

"Baba, Mungu anakupenda. Sema jina lako."

Umati ulinyamaza. Salesio akavuta pumzi. "Lori."

Kicheko kilianzia mbele, kikaenda hadi nyuma ya hema.

"Hilo si jina lako! Wewe pepo wa lori, mwachilie huyu baba! Toka!" Kinanda kikalia. Watu wakapiga makofi. "Sasa sema jina lako!"

"Lori," alisema Salesio, na machozi yakaanza kumshuka kwenye lile shavu ambalo halikujua kuwa linalia.

Mhubiri akageuka. "Kuna kizuizi. Mama, wewe ndiye mke wake? Unasali wapi?"

"Mimi ni Mkatoliki," Kiende alisema, na maiki ikalipeleka jibu lake mpaka barabarani.

"Aaaa," umati ukasema.

"Na hizo shanga shingoni? Mama, unataka mume wako apone au unataka shanga?"

Baadaye Kiende alijiuliza mara nyingi ni nani aliyekuwa ndani ya mwili wake saa ile. Mikono yake iliivua rozari, ile aliyopewa siku ya kipaimara, ikaitupa kwenye kikapu kilichokuwa miguuni pa mhubiri, pamoja na tumbaku na hirizi za watu wengine. Umati ukashangilia. Mhubiri akamrudia Salesio kwa mara ya tatu. Na Salesio, akimtazama mke wake na si mhubiri, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Lori."

Gatwiri alishika kiti. "Baba, twende nyumbani," alisema, na hakungoja ruhusa ya mtu.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya nyumbani kwa sala. Kiende alitamani kuahirisha lakini hakupata sababu ya kusema. Alasiri wanawake walifika na viti vyao vya plastiki, wakaketi sebuleni. Hakuna aliyetaja krusedi, na kwa namna walivyokuwa waangalifu Kiende alijua kwamba wote wamesikia.

"Mama Gatwiri," alisema Kananu, jirani yake, akimtazama Salesio kwa huruma, "si mzee apumzike huko ndani? Asije akachoka na sisi."

Maana yake ilikuwa asije akawavuruga na lori zake. Kiende alielewa. Salesio alielewa pia, kwa kuwa alimtazama mke wake akingoja aseme hapana. Kiende alimsukuma hadi chumbani, akamsaidia kuketi kitandani, akavuta pazia la mlangoni bila kumtazama usoni.

Alisema koo linamuuma, akamwomba Kananu aongoze rozari. Yeye aliketi mwisho karibu na mlango, mikono mitupu, akichezesha midomo. Sauti za wanawake zilipanda na kushuka kama siku zote, nusu ya kwanza ya Kananu, nusu ya pili ya wote.

Walikuwa wameshazama katika fumbo la pili la rozari Kiende aliposikia sauti ya mwanamume.

Mwanzoni alidhani mume wa mtu amechelewa na sasa ameingia. Sauti ilikuwa imekwaruza, inachelewa nyuma ya wengine kama mtu anayevuka mto akipapasa mawe kwa miguu. Kisha ikapata mahali pa kukanyaga. Kananu aliisikia, akanyamaza. Mmoja baada ya mwingine wanawake wakanyamaza. Na sauti ile, bila kujua kwamba imeachwa peke yake, ikaendelea kutoka nyuma ya pazia, kila neno limekamilika, kila neno mahali pake.

"...Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Kuku mmoja alikuwa ameingia sebuleni na hata yeye alisimama mguu mmoja juu. Kiende aliinuka, akavuta pazia. Salesio aliketi kitandani alivyomwacha, macho yamemtoka, mkono wa kushoto ameufunika mdomo wake. Alikuwa na sura ya mtu aliyesikia mgeni akiongea ndani ya nyumba yake.

"Salamu Maria," Kiende alinong'ona, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Salesio akaondoa mkono. "Umejaa neema," alisema. "Bwana yu nawe. Umebarikiwa kuliko wanawake wote." Alifika mwisho, akaanza tena mwenyewe, haraka, kama anayeogopa mlango utafungwa. Nyuma ya Kiende wanawake walikuwa wamepiga magoti, na mmoja alikuwa akilia kwa sauti.

"Bwana asifiwe!" Kananu alipaza sauti. "Amefunguliwa! Baba Gatwiri, sasa mwite mke wako. Sema, Kiende."

Salesio alimgeukia mke wake. Alikusanya nguvu zake zote. Mtu angeweza kuona zikikusanyika.

"Lori," alisema.

Kiirua yote ikapata habari kabla ya giza. Watu wakaanza kuja, wengine kwa heshima, wengine kama wanaokuja kutazama ndama mwenye vichwa viwili. Walisimama mlangoni wakasema, "Mama, mwambie aseme ile Salamu Maria," wakasikiliza, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Gitobu alikuja mbio akitaka warudi Makutano kumwonyesha mhubiri.

"Ndugu yako si sinema," Kiende alimwambia, akafunga lango.

Badala yake alimpeleka hospitali, kwa daktari wa usemi, msichana wa Embu aliyeitwa Kagure. Kagure alimsikiliza Salesio akisali Baba Yetu mwanzo hadi mwisho, akamwonyesha kikombe na kumuuliza ni nini, akaambiwa lori. Hakushangaa.

"Mama, maneno ya kujitungia, yale ya kuongea kila siku, yanatoka upande mmoja wa ubongo, na huko ndiko kumeumia. Lakini yale mtu amerudia tangu utotoni mpaka yamekuwa kama wimbo, hayo huenda yanapita njia nyingine. Alisomea wapi?"

"Bweni, kwa masista. Walikuwa wanasali kwa Kiswahili kila alfajiri. Aliniambia walikuwa wanasinzia huku wanajibu."

"Ndiyo hayo sasa. Wengine wanabaki na kuhesabu. Wengine nyimbo. Wengine matusi."

"Matusi?"

"Sana."

Kiende alimtazama mumewe. "Kwa hivyo si muujiza."

Kagure alianza kumrekebishia Salesio kola ya koti iliyokuwa imekaa vibaya. "Mama, mimi nimesomea ubongo. Hilo muulize padri."

Alikwenda kweli. Padri Mwaniki alikuwa nyuma ya nyumba ya mapadri, akimwagilia sukuma wiki kwa kopo, suruali imekunjwa. Kiende hakungoja kukaribishwa kiti.

"Padri, mimi niliomba mume wangu asali. Tangu tuoane, kila siku. Sasa hawezi kufanya kitu kingine. Hawezi kuniambia anaumwa wapi. Hawezi kumwita mtoto wake. Anasali tu. Mimi niliomba aongezewe sala. Sikuomba anyang'anywe hayo mengine yote. Huyo Mungu alinisikia vipi?"

Padri aliweka kopo chini.

"Na si hayo tu," Kiende aliendelea, kwa kuwa sasa hakuweza kujizuia. "Mimi ndiye siwezi tena. Mimi mwenyekiti. Nikifungua mdomo hakuna kitu. Na rozari yangu niliitupa kwenye kikapu cha yule mhubiri, mbele ya watu, mbele ya mtoto wangu."

"Nimesikia," Padri alisema. Akaketi juu ya jiwe, akamwonyesha Kiende jiwe la pili. "Mama, sijui."

"Wewe ni padri."

"Ndiyo, na sijui. Nikikuambia Mungu alimpiga Salesio ili asali, nitakuwa nimemsingizia Mungu. Siwezi." Alifuta matope mikononi, akafikiri. "Kuna jambo moja tu ninalolijua, na sijui kama litakusaidia. Yesu pale msalabani, maumivu yalipozidi, hakutunga sala mpya. Ile 'Mungu wangu, mbona umeniacha,' watu wanadhani ni maneno yaliyomtoka siku ile. Ni zaburi. Alifundishwa akiwa mtoto. Maneno yake yalipokwisha, alishika yale ya zamani."

Upepo uliyumbisha sukuma wiki. Kiende alikuwa amesikia maneno hayo kila Ijumaa Kuu tangu azaliwe. Sasa alimwona mtu amefungwa mikono na miguu, ulimi umekauka, akitafuta kinywani mwake neno lolote lililobaki.

"Nikupe rozari nyingine?" Padri aliuliza.

"Bado, Padri," Kiende alisema. "Bado."

Asubuhi moja Gatwiri alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Kiende alikuwa akifagia, Salesio ameketi karibu na dirisha, akaanza Baba Yetu. Kiende hakuinua kichwa; alishazoea, na tuseme ukweli, alishaanza kuchoka.

"...Utupe leo mkate," alisema Salesio, akanyamaza.

Kiende akafagia. Salesio akaanza tena tangu mwanzo, mbinguni, jina, ufalme, duniani, polepole hadi pale pale. "Utupe leo mkate." Kimya.

"Amesahau mbele," Kiende alisema.

"Baba yetu uliye mbinguni," Salesio akaanza tena, na safari hii alipofika alipiga ukingo wa kiti kwa kiganja. "Mkate!"

Gatwiri aliyekuwa akichezea simu aliiweka chini taratibu. "Mama. Baba ako na njaa."

Kiende alicheka kwanza. Kisha ufagio ukamtoka mkononi. Alikwenda jikoni, akakata mkate, akapaka siagi, akamletea. Salesio aliupokea kwa mkono wa kushoto akaula wote, huku akimtazama mke wake na uso umemng'aa upande mmoja, kama mtu aliyekuwa ndani ya kisima siku nyingi na hatimaye kamba imemfikia.

Hakuweza kulichukua neno lilipo. Ilimbidi aanzie chini kabisa, apande ngazi moja moja hadi rafu aliyoitaka, na akiteleza arudi mwanzo. Lakini alikuwa anapanda. Siku zilizofuata nyumba nzima ilijifunza. Akisali Salamu Maria na kusimama kwenye "tumbo", alikuwa anaumwa tumbo. Akianza ile ya marehemu, raha ya milele, na kukatika kwenye "mwanga", alitaka dirisha lifunguliwe au taa iwashwe.

"Haki, baba anatuombea marehemu ndio tuwashe stima," Gatwiri alisema jioni moja, na Salesio akacheka, kile kicheko chake cha sokoni, kizima, ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia tangu aanguke. Kiende alikimbilia jikoni akajifanya anatafuta kijiko. Walikuwa wamemzika mtu akiwa hai. Walimwekea pazia. Na muda wote alikuwa humo, mzima, akitafuta njia ya kutoka.

Alasiri ya Jumapili, baada ya mvua, walikuwa wawili tu. Kiende alikuwa ameweka maziwa motoni jikoni. Salesio alianza Baba Yetu, na Kiende akanyoosha mkono kuchukua mkate mezani.

Lakini Salesio aliupita mkate. Kiende alisikia na akageuka.

"Utusamehe makosa yetu," alisema Salesio, akaishia hapo.

"Endelea," Kiende alisema.

Salesio akaanza tena. Alikwama kwenye "ufalme", akarudi, akapanda, akapita mkate kwa mara nyingine. "Utusamehe makosa yetu." Kisha mkono wa kushoto ukainuka polepole, kidole kikaelekea ukutani, kwenye picha ya mama yake Kiende katika fremu ya plastiki.

Kiende aliitazama picha ile.

Mama yake alizikwa Mikinduri, kwao, miaka mingi iliyopita. Siku ile bei ya viazi ilikuwa imepanda, na Salesio alituma magunia ya kulisha waombolezaji lakini mwenyewe hakufika. Kiende alisimama kaburini peke yake. Wajomba zake walimuuliza mbele ya watu, mkwe wetu yuko wapi, naye akasema uongo kwamba ni mgonjwa. Aliporudi Kiirua, Salesio alimuuliza jambo moja tu: "Si viazi vilifika?" Hawakuwahi kulizungumza tena. Kiende aliamini kwamba mumewe hakujua hata kama alikosea, na juu ya imani hiyo alikuwa amemfulia, amempikia na kumwombea.

"Leo?" sauti yake ilitoka ikiwa kali kuliko alivyotaka. "Leo ndio unakumbuka? Ulikuwa na maneno ya kuuzia watu viazi vibovu, Salesio! Ulikuwa na maneno ya kila mtu!"

Salesio hakushusha mkono.

Kiende akatoka nje. Alisimama kando ya shamba, viatu vikizama katika udongo uliolowa. Hakutaka kusikia, lakini dirisha lilikuwa wazi. Ndani, sauti iliyokwaruza ilianza tena. Baba yetu. Ikateleza. Baba yetu uliye mbinguni. Ikateleza tena. Alimsikia akivuta pumzi kama anayebeba gunia. Jina lako. Ufalme wako. Duniani kama mbinguni. Mkate. Akalifikia neno lile lile, akalisema, akanyamaza, akangoja.

Mtu huyu alipokuwa na maneno yote ya dunia hakulipata hilo moja. Sasa alikuwa na machache ya kuhesabika, tena si yake, ya kuazima, ya utotoni, na ndani ya hayo machache alikuwa amekwenda akalitafuta mpaka akaliona. Kiende hakujua kama Mungu alikuwa amemvunja ili alipate. Hakukubali, bei hiyo ilikuwa kubwa mno, na kama kuna aliyeipanga, angemuuliza siku moja uso kwa uso. Lakini alijua kwamba pale dirishani palikuwa na kitu kikubwa kuliko yeye na kuliko Salesio, na kwamba amesimama karibu nacho sana. Akavua viatu vya matope mlangoni, akaingia.

Aliketi kwenye kigoda mbele ya mumewe, magoti yakigusana. Neno linalofuata kila mtoto wa Kiirua analijua. Yeye mwenyewe alikuwa amelisema mara nyingi kuliko jina lake, kwa mkumbo, likivutwa na yaliyotangulia. Sasa lilikuwa limeachwa peke yake, lisemwe na yeye.

"Kama tunavyowasamehe," alianza. Kinywa kilikuwa kikavu, lakini neno lilikuwamo. "Na sisi. Waliotukosea."

Salesio alifunga macho. Mabega yake yakashuka, yote mawili.

"Na mimi," Kiende alisema, "nilikuficha ndani, Salesio. Walipokuja jumuiya. Uliniangalia, na nikavuta pazia. Na kule Makutano nilikuacha wakakucheka."

Salesio alifungua macho. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akalowanisha midomo, na kutoka chini kabisa akaanza.

"Baba yetu."

Kiende aliweka mkono wake juu ya ule wa kushoto wa mumewe. Jikoni maziwa yalichemka yakapanda, yakamwagika motoni kwa kishindo cha mvuke, na harufu ya kuungua ikajaa nyumba nzima. Hakuna aliyeinuka. Salesio alikwama kwenye ufalme, akarudi. Kiende hakumsaidia hata silabi moja. Alingoja kama watu wanavyongoja njiani mtu wao anayepanda mlima. Duniani kama mbinguni. Akaufikia mkate, akaupita. Akayafikia makosa, pale alipokuwa akisimama alasiri hiyo yote, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Akayapita hayo pia.

"Kama," alisema Salesio. "Kama tunavyowasamehe."

Akasimama hapo.